Kisukari kinarithiwa, lakini kinachorithiwa ni nini hasa? Kazi ya Anna Gloyn ndani ya seli za kongosho

Ukimwuliza daktari kama kisukari kinarithiwa, atakujibu ndiyo, na hatakuwa amekudanganya. Ila jibu lake lina pengo kubwa, kwa sababu halisemi kinachorithiwa ni kitu gani. Hakuna anayerithi kisukari cha aina ya 2 jinsi anavyorithi kundi la damu. Kinachotoka kwa baba na mama ni mamia ya tofauti ndogondogo katika DNA. Nyingine zinamsogeza mtu karibu na ugonjwa, nyingine zinamvuta nyuma, na kila moja nguvu zake ni haba. Mtu huishia na mchanganyiko wake mwenyewe, ambao hata ndugu yake wa tumbo moja hana, isipokuwa pacha wa kufanana.

Kuzihesabu tofauti hizo si kazi ngumu tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature uliunganisha data za watu zaidi ya milioni 2.5, wakiwemo wagonjwa 428,452 wa kisukari cha aina ya 2, ukabaini maeneo 611 ya jenomu, yaani DNA yote ya binadamu, yanayohusiana na ugonjwa huo. Orodha ni ndefu na inazidi kurefuka. Lakini ukiisoma tangu mwanzo hadi mwisho, bado hutajua katika kila eneo ni jeni ipi iliyoguswa, iko kazini katika kiungo gani, na kama tofauti hiyo imeiongezea nguvu au imeipunguzia. Hilo la mwisho ndilo naliona zito kuliko yote. Mtu anayetaka kutengeneza dawa lazima ajue kama anatakiwa kuizima protini fulani au kuichochea. Akikosea hapo, dawa yake itaongeza ugonjwa uleule aliotaka kuutibu.

Miongoni mwa waliotumia maisha yao ya kazi kulikabili swali hili ni Anna Gloyn, mtaalamu wa jenetiki kutoka Uingereza. Alifanya utafiti Exeter, akawa profesa Oxford, na tangu mwaka 2020 yuko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wapo waliogundua maeneo mengi kuliko yeye. Faida ya kuifuata kazi yake ni kwamba imepita pande zote mbili za somo hili: magonjwa adimu yanayoletwa na jeni moja iliyoharibika, na ugonjwa wa kawaida unaochangiwa na jeni nyingi zisizo na kasoro kubwa. Inashangaza jinsi pande hizo mbili zinavyokutana mara kwa mara ndani ya seli ileile.

Seli inayopima sukari

Seli hiyo inaitwa seli beta. Iko katika vijisiwa vya kongosho, na kazi yake ni kutoa insulini sukari ya damu inapopanda. Inajuaje kwamba sukari imepanda? Haina kifaa cha kuitazama sukari kutoka nje. Inachofanya ni kuila.

Glukosi ikiongezeka kwenye damu, nyingi zaidi huingia ndani ya seli. Kimeng'enya kiitwacho glukokinesi huanza kuichakata, na seli huivunja hadi kupata ATP, ile molekuli ya nishati. Katika utando wa seli kuna milango ya potasiamu ambayo kwa kawaida huwa wazi. ATP ikiongezeka, milango hiyo hufunga. Potasiamu ikishindwa kutoka, hali ya umeme ya utando hubadilika, milango mingine ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia kwa kasi, na vifuko vilivyojaa insulini husukumwa hadi kwenye utando na kumwaga nje kilichomo ndani yake.

Mnyororo huu unafaa kukumbukwa, kwa sababu karibu kila pete yake ina jeni, na karibu kila jeni hiyo imewahi kuhusishwa na kisukari cha namna fulani. Mlango wa potasiamu, kwa mfano, umeundwa kwa vipande vinane: vinne vya protini Kir6.2, inayotokana na jeni KCNJ11, na vinne vya protini SUR1, inayotokana na jeni ABCC8. Jeni hizo mbili zimepakana katika kromosomu ya 11.

Watoto wachanga walioacha sindano

Kuna watoto wachache sana wanaopata kisukari kabla ya kutimiza miezi 6. Zamani walidhaniwa kuwa na kisukari cha aina ya 1 kilichowahi mno, wakawekwa kwenye sindano za insulini kwa maisha yao yote. Mwaka 2004, Gloyn akiwa Exeter pamoja na Andrew Hattersley na wenzao, walichunguza wagonjwa 29 wa kundi hili. Kumi kati yao walikutwa na badiliko katika jeni KCNJ11.

Badiliko hilo linafanya mlango wa potasiamu usiisikie ATP. Mtoto anakula, glukosi inapanda, seli beta inaichakata kama kawaida, ATP inaongezeka, lakini mlango unabaki wazi na ishara inakatikia hapo. Insulini imo ndani ya seli, imefungashwa vizuri, haitoki.

Mtu aliyeuelewa mnyororo anaweza kuikisia tiba. Dawa za kundi la salfonilurea, ambazo watu wenye kisukari cha aina ya 2 wamekuwa wakizimeza tangu miaka ya 1950, hufanya kazi kwa kujibana kwenye protini SUR1 na kuufunga mlango huo moja kwa moja, bila kuhitaji ATP. Mwaka 2006 zilichapishwa taarifa za wagonjwa 49 wenye badiliko la Kir6.2 waliopewa vidonge hivyo. Waliofanikiwa kuacha sindano walikuwa 44. Kipimo chao cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3, kilishuka kutoka asilimia 8.1 hadi 6.4 ndani ya wiki 12, tena bila insulini ya kudungwa. Waliofuatiliwa kwa takriban miaka 10, asilimia 93 walikuwa bado wanatumia vidonge pekee.

Mara nyingi wazazi wa watoto hawa hawana badiliko hilo kabisa. Limezuka upya kwa mtoto. Kwa hiyo ugonjwa ni wa jeni mia kwa mia, lakini haukurithiwa kutoka kwa yeyote. Mambo haya mawili huchanganywa kila siku, hata na watu waliosoma.

Jeni ileile, kwa mtu mzima

Mwaka mmoja kabla ya ugunduzi huo, Gloyn na wenzake walikuwa wameshachapisha kazi nyingine kuhusu KCNJ11, iliyopigiwa kelele kidogo sana. Katika nafasi ya 23 ya protini Kir6.2, watu wengi wana asidi amino (kijenzi cha protini) iitwayo glutameti, na wengine wana laisini. Tofauti hiyo si adimu hata kidogo: kwa watu wenye asili ya Ulaya, zaidi ya theluthi moja ya nakala za jeni hiyo zina laisini. Utafiti wao ulithibitisha kwamba nakala yenye laisini inaongeza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya 2 kwa takriban asilimia 18.

Asilimia 18 inasikika kubwa. Chukua watu 100 ambao, bila tofauti hiyo, 10 kati yao wangeugua. Ukiwapa wote nakala moja ya laisini, wataugua karibu 12. Kwa mtu mmoja mmoja hilo halibadilishi chochote cha maana, na kumpima ili kumtabiria ni kupoteza muda. Lakini kwa anayetaka kujua kisukari cha aina ya 2 kinaanzia wapi, ugunduzi ule ulikuwa mzito: mlango uleule unaovunjika kabisa kwa mtoto mchanga umelegea kidogo tu kwa mamilioni ya watu wazima. Na dawa inayoufunga mlango huo ilikuwa tayari inawasaidia. Athari ya tofauti ya jeni inaweza kuwa ndogo kama punje, na protini husika bado ikawa shabaha nzuri ya dawa, kwa maana dawa haibanwi na kiwango ambacho asili ilichezea.

Tofauti hii ya nafasi ya 23 ina mwenzake katika jeni jirani ya ABCC8. Wawili hao hurithiwa pamoja karibu kila mara, hivi kwamba takwimu peke yake haiwezi kusema yupi kati yao ndiye mhusika. Hapa tupo kwenye jeni mbili tu, ambazo kazi yake inajulikana vizuri, na tayari mambo yameshikana.

Mwaka 2007 na mtego wa FTO

Hadi hapo watafiti walikuwa wakichagua jeni wanayoishuku, kisha wanaipima. Mwaka 2007 njia ikageuka. Vifaa vipya viliwezesha kusoma mamia ya maelfu ya nafasi katika jenomu nzima kwa mara moja, kwa maelfu ya watu, na kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa bila kushuku jeni yoyote kabla. Ndani ya miezi michache makundi kadhaa yalitoa matokeo yaliyokubaliana, na maeneo mapya yakaanza kumiminika.

Matokeo ya njia hii ni kama kuambiwa mwizi anaishi mtaa fulani bila kutajiwa nyumba. Herufi za DNA zilizo karibu hurithiwa kwa mafungu, kwa hiyo herufi iliyojitokeza kwenye takwimu inaweza kuwa jirani tu wa ile yenye hatia. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa mno ya herufi hizi, zaidi ya asilimia 90, haimo katika vipande vinavyoandika protini. Ziko kwenye maeneo yanayoamua jeni iwashwe lini, wapi na kwa kiasi gani, na jeni inayoamrishwa si lazima iwe ile iliyo karibu.

FTO ni mfano unaostahili kuelezwa polepole. Watafiti wa Exeter na Oxford waliikuta mwaka 2007 wakitafuta jeni za kisukari cha aina ya 2. Walipozingatia uzito wa mwili, uhusiano na kisukari ukapotea. Tofauti ile ilikuwa inaongeza uzito, na uzito ndio uliokuwa unaleta kisukari. Kati ya watu zaidi ya 38,000, wale waliokuwa na nakala mbili walikuwa na wastani wa kilo 3 zaidi ya wasiokuwa nayo. Magazeti yakaipa jina la jeni ya unene, na maabara nyingi zikaanza kuichunguza protini ya FTO kwa bidii.

Mwaka 2014 ikaonekana kwamba kipande cha DNA chenye tofauti hiyo, ingawa kimo ndani ya jeni FTO, kinagusana na jeni nyingine, IRX3, iliyo umbali wa takriban herufi nusu milioni. DNA hujikunja ndani ya kiini cha seli, na vipande vilivyo mbali kwenye uzi hukutana. Mwaka 2015 utafiti mwingine ulionyesha kwamba badiliko la herufi moja katika eneo hilo huongeza utendaji wa IRX3 na IRX5 katika seli changa za mafuta, na kuzielekeza kwenye kuhifadhi mafuta badala ya kuyachoma kuwa joto. Kuna wanaosisitiza kwamba ubongo nao una sehemu yake, na mjadala huo unaendelea. Lililo wazi ni kwamba jina lililobandikwa kwenye eneo hilo lilitokana na jirani wa karibu, na si ushahidi wa kutosha kuhusu jeni inayotenda kazi.

Zinki, na swali la kuzima au kuwasha

Kama kungekuwa na jeni moja tu ya kumfundishia mwanafunzi kwa nini kazi ya Gloyn ni ngumu, ningechukua SLC30A8. Jeni hii huandika protini ZnT8, inayoingiza zinki kwenye vifuko vya insulini ndani ya seli beta. Insulini huhifadhiwa humo ikiwa imeshikamana na zinki. Moja ya tafiti za mwaka 2007 iligundua kwamba herufi moja katika jeni hiyo, inayobadilisha asidi amino ya nafasi ya 325, inahusiana na kisukari cha aina ya 2. Kwa mara moja hii haikuwa herufi iliyojificha nje ya jeni. Ilikuwa ndani ya protini kabisa, katika seli ambayo kila mtu angeitarajia.

Maelezo yaliyoonekana ya busara yalikuwa haya: aina yenye hatari lazima iwe inapitisha zinki vibaya, insulini inafungashwa ovyo, na mgonjwa anapungukiwa. Panya walioondolewa jeni hiyo walileta matokeo ya kukanganya. Katika baadhi ya maabara walitoa insulini vibaya zaidi, kwingine tofauti haikuonekana, na kwa jumla hayakumzuia mtu kuamini maelezo yale. Dawa, basi, ingepaswa kuichochea ZnT8.

Mwaka 2014 zikachapishwa data za watu takriban 150,000. Miongoni mwao walipatikana 345 wenye nakala moja ya SLC30A8 iliyokatika, isiyoweza kutoa protini kamili. Kama maelezo ya awali yangekuwa sahihi, hawa wangekuwa wagonjwa zaidi. Kumbe hatari yao ya kisukari ilikuwa chini kwa asilimia 65. Kupungukiwa ZnT8 kunawakinga.

Bado hapakuwa na maelezo ya namna inavyotokea. Mwaka 2019 kundi kubwa la watafiti, Gloyn akiwa mmoja wa viongozi wake, lilirudi kwa binadamu wenyewe: familia za magharibi mwa Finland ambamo nakala iliyokatika inapatikana zaidi kuliko kwingine. Waliwapima wenye nakala hiyo na ndugu zao wasio nayo jinsi miili yao inavyojibu chakula na glukosi, kisha wakatengeneza badiliko lilelile katika seli za binadamu maabarani. Wenye nakala iliyokatika walitoa insulini vizuri zaidi sukari ilipopanda, na waliibadilisha proinsulini, yaani insulini ambayo haijakomaa, kuwa insulini kamili kwa ufanisi zaidi. Sasa mwelekeo ulikuwa bayana: ZnT8 izimwe, isichochewe.

Ilichukua miaka 12 kutoka kwenye herufi hadi kwenye mwelekeo, kwa eneo lililokuwa rahisi kuliko karibu yote mengine. Mtu akikuambia kwamba jeni za kisukari zimeshagunduliwa, mwulize amegundua mwelekeo wa ngapi.

Nzuri kwa sukari, mbaya kwa mafuta

Hata ukiujua mwelekeo, mwili una njia ya kukuadhibu. Ini nalo linatumia glukokinesi, lakini humo kuna protini nyingine inayoidhibiti kwa kuishikilia ndani ya kiini cha seli wakati mtu hajala. Jeni ya protini hiyo ni GCKR. Watu wenye aina fulani ya jeni hii, iliyobadilika katika nafasi ya 446, huwa na sukari ya chini kidogo wakiwa hawajala, na wakati huohuo mafuta ya trigliseridi katika damu yao huwa juu. Maabara ya Gloyn ilionyesha mwaka 2009 sababu yake: protini iliyobadilika inaishikilia glukokinesi kwa ulegevu, glukokinesi inabaki kazini zaidi, ini linameza glukosi kwa wingi, na kile kinachozidi linakigeuza mafuta.

Habari hii ilistahili kusomwa kwa makini na makampuni yaliyokuwa yakitengeneza dawa za kuichochea glukokinesi. Kadhaa kati ya dawa hizo ziliachwa njiani: wagonjwa wengine walishukiwa na sukari kupita kiasi, mafuta yakapanda, na nguvu ya dawa ikafifia kadiri muda ulivyokwenda. Moja, dorzagliatin, ilifika mwisho na kuidhinishwa China mwaka 2022.

Glukokinesi ina upande mwingine usiojulikana sana. Zipo familia ambazo nakala moja ya jeni yake, GCK, haifanyi kazi vizuri. Seli beta zao zinaipima sukari kwa kiwango kilichopandishwa, kwa hiyo sukari yao wakiwa hawajala iko juu kidogo tangu kuzaliwa na hubaki hivyo uzeeni. Madhara ni madogo kiasi kwamba kwa kawaida hawahitaji dawa yoyote nje ya ujauzito. Mtu wa familia hiyo akipimwa tu sukari bila kupimwa jeni, anaweza kuandikiwa vidonge miaka mingi bila faida.

Kuzima jeni moja baada ya nyingine

Maeneo 611 hayawezi kusubiri miaka 12 kila moja. Kwa hiyo maabara ya Gloyn ilihamia kwenye kazi ya wingi. Kikwazo cha kwanza kilikuwa seli zenyewe: seli beta za binadamu hupatikana kutoka kwa wafadhili wa viungo waliofariki, ni chache, na hazidumu maabarani. Mambo yalibadilika mwaka 2011, watafiti wa Ufaransa walipofanikiwa kupata ukoo wa seli beta za binadamu unaoweza kukuzwa mfululizo, uitwao EndoC-βH1.

Mwaka 2016 timu ya Gloyn ilichapisha matokeo ya kupunguza utendaji wa jeni 300 zilizo katika maeneo ya kisukari, moja baada ya nyingine, katika seli hizo, na kupima insulini inayotoka. Jeni 45 zilionekana kuathiri kazi ya seli. Mwaka 2023 wakaenda mbali zaidi: kwa kutumia mkasi wa jeni wa CRISPR walipitia jenomu nzima wakitafuta jeni zinazobadilisha kiasi cha insulini kilichomo ndani ya seli, wakapata 580. Moja yao, CALCOCO2, haikuwa imezungumzwa sana katika kisukari. Waliiona ikihusika na namna seli inavyotunza na kusafisha akiba yake ya insulini.

Kazi ya aina hii haiingii kwenye vichwa vya habari. Ndiyo inayogeuza takwimu kuwa biolojia, na kwa maoni yangu inapewa sifa chache mno ikilinganishwa na tafiti zinazotangaza tu kwamba maeneo yameongezeka.

Je, nipime jeni zangu?

Kwa kisukari cha kawaida, faida ni ndogo. Tofauti ya kawaida yenye nguvu kuliko zote kwa aina ya 2 ni ile ya TCF7L2, iliyotangazwa na watafiti wa Iceland mwaka 2006. Nakala moja inaongeza uwezekano kwa karibu asilimia 45, na mbili zinaufikisha mara 2.4 hivi. Katika jaribio kubwa la Marekani la kuzuia kisukari, lililowahusisha watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, wenye nakala mbili waliokuwa katika kundi la kidonge bandia waliendelea hadi kisukari kwa kasi iliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 80. Kati ya waliosaidiwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi, ziada hiyo ilishuka hadi kama asilimia 15. Katika jaribio hilohilo, mabadiliko ya mtindo wa maisha yalipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 58, na metformini, dawa ya kisukari ya kumeza, kwa asilimia 31. Ushauri ambao mtu angepewa baada ya kupimwa ni uleule ambao angepewa bila kupimwa.

Mambo ni tofauti kabisa kwa mtoto mwenye kisukari kilichoanza kabla ya miezi 6. Huyo anatakiwa kupimwa jeni mara moja, maana jibu linaweza kumtoa kwenye sindano. Vivyo hivyo kijana mwembamba ambaye mzazi na babu yake walikipata kisukari mapema: baadhi ya aina za kisukari cha jeni moja, kama ile ya HNF1A, hujibu vidonge vya salfonilurea kwa dozi ndogo.

Kati ya ncha hizo mbili kuna tumaini la kuvigawa visukari vya aina ya 2 kulingana na jinsi vinavyoanza. Utafiti wa mwaka 2024 uliyapanga maeneo yake katika makundi manane: mengine yanahusu seli beta kushindwa, mengine unene, mengine namna mwili unavyogawa mafuta, mengine ini. Wagonjwa wawili wenye sukari sawa wanaweza kuwa wamefika hapo kwa njia zisizofanana. Matibabu bado hayaandikwi kwa kufuata makundi hayo.

Jeni inayokidanganya kipimo

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 79 ya washiriki wa tafiti za jenomu nzima walikuwa watu wenye asili ya Ulaya. Alama za hatari, yaani hesabu zinazojumlisha tofauti nyingi za jeni ili kukadiria uwezekano wa mtu kuugua, zinazotengenezwa kutokana na watu hao hukosea zaidi kwa wengine, na hukosea zaidi ya yote kwa wenye asili ya Afrika. Hasara hiyo ni ya kisayansi pia. Afrika ndiko jenomu za binadamu zina historia ndefu kuliko kwingine, mafungu ya herufi yamekatwakatwa zaidi, na hivyo ni rahisi kumtenga mhusika na jirani zake. Utafiti wa 2024 ulifikisha wasio wa asili ya Ulaya karibu asilimia 40.

Pengo hili lina tokeo moja linaloweza kumgusa mgonjwa moja kwa moja. HbA1c hupima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe huendelea kukusanya sukari kadiri zinavyoishi. Kuna aina ya jeni G6PD iliyoenea kwa watu wenye asili ya maeneo ya malaria, kwa kuwa iliwakinga dhidi yake, na inayofupisha maisha ya chembe hizo. Utafiti wa mwaka 2017 ulikuta kwamba takriban asilimia 11 ya Wamarekani wenye asili ya Afrika wana angalau nakala moja ya aina hiyo. Kwa wanaume walio nayo, HbA1c husomeka chini kwa takriban pointi 0.8, ilhali sukari ya damu yenyewe haijashuka. Kiwango cha kutangaza kisukari ni 6.5. Mwanaume ambaye jibu lake halisi lingekuwa 7.2 ataonekana ana 6.4, na ataambiwa aende nyumbani. Kupima glukosi ya damu yenyewe, akiwa hajala au saa mbili baada ya kunywa glukosi, kunaukwepa mtego huo.